Amri Moja, Mafundi Wawili

Mtu mmoja alikwenda kwa maseremala wawili, akamwagiza kila mmoja kasha lenye upana wa inchi 30. Siku ya kuyachukua akaona makasha hayalingani. Fundi wa kwanza alipima nafasi ya ndani, ikawa inchi 30 kamili, kisha unene wa mbao ukaongezeka pande zote mbili. Wa pili alipima toka ukingo hata ukingo, mbao zikiwa ndani ya hesabu. Je, ni nani aliyekosa? Wote wawili waliitii amri, bali kila mmoja aliisoma kwa njia yake.

Jambo hili hili limewasumbua kwa miaka mingi watu waandikao kurasa za intaneti. Ukurasa wa namna hiyo una sehemu mbili. Ya kwanza, iitwayo HTML, ina maneno yenyewe na mpango wake: hiki ni kichwa, hii ni aya, hili ni jedwali. Ya pili, iitwayo CSS, ina amri za mavazi: kichwa kiwe cha kijani, aya iwe na upana huu, pembeni paachwe nafasi. Naye fundi azisomaye amri hizo ni kivinjari, yaani programu tunayofungulia kurasa, kama vile Firefox, Chrome na Safari. Mwandishi ni mmoja, lakini mafundi ni wengi.

Shauri la CSS lilitolewa mwaka 1994 na Håkon Wium Lie, mtu wa Norwei, alipokuwa akifanya kazi CERN huko Uswisi. Baadaye Bert Bos wa Uholanzi akaungana naye. Kanuni za kwanza zilitangazwa Desemba 1996 na W3C, chama kitunzacho kanuni za kurasa hizi. Kanuni zilisema kwamba upana hupimwa kwa ndani, kama alivyofanya fundi wa kwanza. Lakini Internet Explorer 5 ya kompyuta za Windows, iliyotoka mwaka 1999, ilipima kama fundi wa pili.

Hebu tufanye hesabu. Upana ulioamriwa ni pikseli 300. Nafasi ya ndani ni pikseli 20 kila upande, na mpaka ni pikseli 5 kila upande. Kwa kanuni, kasha lote ni 300 na 40 na 10, yaani 350. Kwa Internet Explorer 5, kasha lote lilikuwa 300, nayo maneno yakabakiwa na 250. Tofauti ya pikseli 50 yatosha kuisukuma safu ya pili ya ukurasa hata ianguke chini ya ya kwanza. Internet Explorer 6 ya mwaka 2001 ilifuata kanuni, ila kwa sharti kwamba ukurasa uanze na mstari ufaao wa DOCTYPE. Kivinjari hicho kilistaafishwa mwaka 2022, lakini hata leo ukurasa usio na mstari ule husomwa kwa desturi za kale. Nalo la kuchekesha ni hili: waandishi wengi walikuja kuona kwamba kipimo cha fundi wa pili ni chepesi zaidi, hata kanuni zikaongezwa amri ya box-sizing, ili mwandishi achague mwenyewe.

Sasa angalieni tabia ya kivinjari. Kikikuta amri kisiyoifahamu, hakigombi wala hakisimami. Huiruka kimya, kikaendelea na kazi. Iliwekwa hivyo kwa makusudi, ili kivinjari cha zamani kiweze kusoma ukurasa mpya. Lakini ukimya huo huficha makosa. Kila amri hutengwa na inayofuata kwa nukta-mkato. Ukiandika color: green ukaisahau nukta-mkato, kisha ukaandika width: 300px, kivinjari huona amri moja ndefu isiyo na maana, nacho huziacha zote mbili.

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani alitengeneza ukurasa wa matokeo ya mtihani wa shule moja, majina kushoto na alama kulia. Katika kompyuta yake ulipendeza, ila kichwa kilikataa rangi. Mama mmoja akaufungua katika simu yake ya zamani, akaona majina yote kwanza, na alama zote zimefuata chini. Jina la mwanawe lilikuwa la mwisho, na chini yake palikuwa na 31. Mtoto alikemewa usiku ule, akalala na njaa.

Kijana akaniambia, "Mwalimu, simu ya mama yule ni mbovu." Nikamjibu, "Tukague kwanza mwandiko wetu, ndipo tuishtaki simu."

W3C huweka katika intaneti mhakiki wa CSS, atumiwaye bila malipo. Tukampa amri zetu zote, naye akatuonyesha mstari uliokosa nukta-mkato. Kijana akaiweka, mara kichwa kikawa kijani katika kila kivinjari tulichokijaribu. Kwa kawaida kosa lionekanalo katika vivinjari vyote ni la mwandishi. Lionekanalo katika kimoja tu laelekea kuwa tofauti ya mafundi.

Lakini katika simu ya yule mama majina na alama yalikuwa bado yameachana, ingawa mhakiki hakuona tena kosa lo lote. Wala si ajabu. Mhakiki ni kama mwalimu wa sarufi: aweza kusahihisha sentensi, lakini hajui kama msikilizaji anaifahamu lugha. Basi tukafanya nakala ya ukurasa, tukaondoa nusu ya amri. Safu zikasimama vile vile katika kompyuta. Tukazirudisha, tukaondoa nusu ya pili. Majina na alama yakaachana sawasawa na katika simu. Tukaigawa nusu ile tena na tena, hata ukabaki mstari mmoja: display: grid. Firefox, Chrome na Safari viliipokea amri hii Machi 2017, na kivinjari cha simu ile kilikuwa cha kabla ya hapo. Kiliiruka kimya.

Kijana akataka mama ashauriwe kununua simu mpya. Nikamwuliza bei, akanyamaza. Kwa kweli matokeo ya mtihani ni jedwali, na vivinjari vimejua majedwali ya HTML tangu miaka ya 1990. Akaliweka kila jina na alama yake katika mstari mmoja wa jedwali, wasiweze kutengana hata kama CSS yote itapuuzwa, na amri za CSS akaziachia kazi ya rangi na nafasi.

Jioni yake tulimwomba mama aufungue tena ukurasa. Akaweka kidole juu ya jina la mwisho, akakivuta polepole kwenda kulia, akasoma 74. Kisha akamwita mtoto, aje asome mwenyewe.