Hesabu za Kufuli la Gemu

Septemba 2008 kampuni ya Marekani ya Electronic Arts (EA) iliingiza sokoni gemu ya kompyuta iitwayo Spore kwa dola 49.99. Aliyelipa alipewa haki ya kuiamilisha mara 3. Aliyeipakua bila kulipa hakuwa na cha kuamilisha, na wengine wa kundi hilo walianza kucheza siku kadhaa kabla ya wateja halali, kwa kuwa nakala iliyovunjwa kufuli ilivuja kabla ya tarehe ya kutolewa.

Maneno mawili yatarudi tena na tena. Kufuli ni programu inayofungwa pamoja na gemu ili isichezeke mpaka ithibitike kwamba mchezaji amelipa. La Spore liliitwa SecuROM. Kuamilisha ni hatua ya kompyuta kuwasiliana na seva ya kampuni na kupewa ruhusa. Dola 1 nimeihesabu kwa Sh130 za Kenya na euro 1 kwa Sh150. Hivyo ni viwango vya karibuni nilivyovikadiria ili kurahisisha hesabu. Havikuwa viwango vya 2008, kwa hiyo shilingi za humu zimsaidie msomaji kupima ukubwa tu.

Kwa bei ya Sh6,499 na ruhusa 3, kila ruhusa iligharimu Sh2,166. Hesabu hii inaonekana ya kitoto mpaka ukumbuke jinsi ruhusa zilivyoliwa. Kompyuta mpya ilikula moja. Kufuta diski na kuweka Windows upya kuliweza kula nyingine, na kubadilisha vifaa vya ndani vilevile. Kufuli la zamani lilidai tu CD iwe ndani ya mashine, na CD hiyohiyo iliweza kuhama na mwenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa miaka.

EA ilijitetea kwa takwimu. Ilisema chini ya asilimia 25 ya wateja wake hujaribu kuweka gemu kwenye kompyuta zaidi ya 1, na chini ya asilimia 1 kwenye kompyuta zaidi ya 3. Tuzikubali kama zilivyo. Kampuni ilitangaza kwamba Spore iliuza nakala milioni 2 katika wiki 3 za mwanzo. Asilimia 1 ya hizo ni watu 20,000, ambao kwa pamoja walilipa karibu Sh130 milioni. “Chini ya” maana yake huenda walikuwa pungufu ya hapo. Ila asilimia ya namna hii hukua kadiri muda unavyopita: mtu hanunui kompyuta 4 kwa mwaka mmoja, hununua 4 kwa miaka kumi na tano. Takwimu ya mteja wa mwezi uliopita haisemi lolote kuhusu kompyuta yake ya mwaka 2015. Baada ya malalamiko, yakiwemo zaidi ya maoni 2,000 ya nyota moja kwenye duka la Amazon, kikomo kilipandishwa kutoka 3 hadi 5. Bei ya ruhusa ikashuka hadi Sh1,300.

Kuna mtu mmoja ambaye asilimia za EA hazikumhesabu kabisa, naye ni mnunuzi wa mtumba. Diski ya gemu iliyokwisha kuamilishwa mara zote inabaki kuwa kipande cha plastiki, na thamani yake ya kuuzwa tena ni Sh0. Kwa sisi ambao kompyuta zenyewe mara nyingi huja za mtumba, na hubadilishwa kila zinapochoka, kikomo hicho kingefikiwa mapema zaidi kuliko kwa mteja wa California.

Sasa upande wa pili wa mizani. Tovuti ya TorrentFreak ilikadiria kwamba kuanzia Septemba hadi mapema Desemba 2008 Spore ilipakuliwa mara milioni 1.7 kwenye mitandao ya torenti, ambako watu hupeana mafaili moja kwa moja, na kuifanya gemu iliyoibwa kuliko zote mwaka huo. Ukichukua kila upakuaji kuwa mauzo yaliyopotea, hasara ni dola milioni 85, yaani Sh11.05 bilioni. Hesabu za hasara huwa zinaanza hivi, na mara nyingi zinaishia hapohapo.

Dhana iliyobeba hesabu hiyo ni kwamba watu milioni 1.7 wangetoa dola 49.99 kama wasingeipata bure. Mapema mwaka huohuo, Russell Carroll wa kampuni ndogo ya Reflexive alichapisha matokeo ya kubana kufuli la gemu zao. Alikadiria kwamba katika Ricochet Infinity asilimia 92 ya wachezaji hawakuwa wamelipa, lakini kila nakala haramu 1,000 zilizozuiwa zilileta takriban mauzo 1 mapya. Ukiuweka uwiano huo kwenye Spore, nakala milioni 1.7 zinazaa mauzo 1,700, yaani Sh11 milioni. Kutoka bilioni hadi milioni, na kilichobadilika ni dhana moja tu.

Sisemi uwiano wa Carroll ndio sahihi kwa Spore. Gemu zake zilikuwa ndogo, za kupitisha muda, na wapakuaji wake huenda ni watu wa tabia nyingine kabisa. Ninachosema ni kwamba kila asilimia 1 ya wapakuaji ambao wangenunua ni sawa na nakala 17,000 au Sh110 milioni, na anayetaja hasara bila kutaja asilimia hiyo hajataja hasara. Kisha tuondoe sehemu ya muuzaji. Duka la mtandaoni la Steam kwa kawaida huchukua asilimia 30. Kwa kipimo hicho hata zile Sh11.05 bilioni zinabaki Sh7.7 bilioni kabla hatujagusa chochote kingine.

Agosti 2012, Yves Guillemot, mkuu wa kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft, alisema wizi kwenye kompyuta ni kati ya asilimia 93 na 95. Pengo la asilimia 2 halimshtui mtu. Lakini kwa asilimia 93, kila mnunuzi mmoja ana wezi 13.3 nyuma yake. Kwa asilimia 95, ana 19. Kwa gemu iliyouza nakala milioni 1, tofauti ni kati ya wezi milioni 13.3 na milioni 19. Watu milioni 5.7, karibu mara 6 ya wanunuzi wote, wamejificha ndani ya neno “kati”.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Poland, na tuwe wa haki: Marcin Iwiński wa CD Projekt alikuwa akizungumza dhidi ya makufuli. Mwaka 2011 aliliambia jarida la PC Gamer kwamba The Witcher 2 ilikuwa imeuza nakala milioni 1 na kupakuliwa isivyo halali takriban mara milioni 4.5. Tofauti na wengine, alionyesha hatua zake zote. Alikadiria watu 20,000 wanaopakua kwa wakati mmoja, faili la GB 14 linalochukua saa 6, kwa wiki 6. Wiki 6, akasema, ni siku 56, sawa na saa 1,344. Gawa kwa 6, unapata mizunguko 224. Zidisha kwa 20,000, unapata milioni 4.48.

Wiki 6 ni siku 42. Siku 56 ni wiki 8. Ukisahihisha, saa zinakuwa 1,008, mizunguko 168, na jumla milioni 3.36. Kosa la kuzidisha limezaa nakala haramu milioni 1.12, nyingi kuliko nakala zote halali zilizokuwa zimeuzwa. Na hiyo ni kabla ya kugusa zile saa 6, ambazo zinadai kasi ya zaidi ya megabiti 5 kwa sekunde bila kukatika. Wape wapakuaji nusu ya kasi hiyo, na jumla inakuwa milioni 1.68. Milioni 4.5 ndiyo iliyonukuliwa duniani. Katika mahojiano hayohayo lilikuwamo jambo zito zaidi ya idadi: gemu hiyo iliuzwa kwenye duka la GOG bila kufuli lolote, lakini iliyosambaa kwa wizi ni ile ya diski iliyokuwa na kufuli, baada ya kuvunjwa.

Hadi hapa kufuli linaonekana halina kazi. Takwimu hazikubaliani na hilo, na hapa ndipo wapinzani wa makufuli nao wanapaswa kuhesabu upya.

Kufuli linalotawala leo ni Denuvo, lililotengenezwa Austria na kuanza kutumika 2014 kwenye FIFA 15. Mtafiti William Volckmann alichunguza gemu 86 zilizouzwa Steam zikiwa na Denuvo kati ya Septemba 2014 na mwisho wa 2022. Alikuta kwamba kufuli likivunjwa ndani ya wiki ya kwanza, mapato yote ya gemu hupungua kwa wastani wa asilimia 20. Likivunjwa baada ya wiki 12, hasara inakaribia 0. Utafiti huo una mipaka yake: mauzo halisi ya kila gemu hayako hadharani, kwa hiyo alitegemea viashiria mbadala, na kampuni inayolipia Denuvo huwa ina gemu inayotarajiwa kuuzwa sana. Asilimia 20 ya gemu kubwa haihamishiki moja kwa moja kwa gemu ndogo.

Bei ya kufuli ilijulikana kwa ajali. Mwaka 2020 nyaraka za kampuni ya Ujerumani ya Crytek zilivuja baada ya udukuzi, na miongoni mwake ulikuwemo mkataba wa Denuvo kwa Crysis Remastered. Ada ya miezi 12 ya mwanzo ilikuwa euro 140,000, au 126,000 kwa atakayesaini mapema. Nyongeza ya euro 60,000 ingelipwa iwapo gemu ingeamilishwa zaidi ya mara 500,000 ndani ya siku 30. Baada ya mwaka, euro 2,000 kwa mwezi. Kwa shilingi ni milioni 21, milioni 9, na 300,000 kila mwezi.

Tuulinganishe mkataba huo na ile asilimia 20. Ada ya euro 140,000 inajilipa ikiwa asilimia 20 ya mapato inazidi kiasi hicho, yaani mapato ya kuanzia euro 700,000, au Sh105 milioni. Gemu ya euro 30 inayomwachia mwenyewe euro 21 baada ya duka kuchukua asilimia 30 inahitaji kuuza nakala 33,333. Kwa kampuni kubwa hicho ni kizingiti kifupi. Hata ukisema uwezekano wa kufuli kuhimili ni nusu kwa nusu, kizingiti kinapanda hadi nakala 66,667 tu. Na kwa gemu iliyovuka kidogo nakala 500,000 ndani ya siku hizo 30, ada na nyongeza yake ni euro 0.40 kwa nakala, yaani Sh60. Mhasibu atakayekataa mpango huo lazima awe na sababu nyingine.

Ila hesabu hiyohiyo inageuka baada ya wiki 12. Kuanzia mwezi wa 13 mwenye gemu analipa euro 24,000 kwa mwaka, Sh3.6 milioni, kwa kinga ambayo faida yake iliyopimwa ni karibu 0. Kiasi hicho ni kidogo mno kumsumbua mtu ofisini, na ninashuku kwamba hiyo ndiyo sababu makufuli mengi hubaki yalipo: hakuna anayeumia kiasi cha kuyaondoa, isipokuwa mteja, ambaye gharama yake haimo kwenye vitabu vya mtu yeyote.

Gharama hiyo hupimwa kwa shida, lakini vipande vyake vinaonekana. Machi 2010 seva za Ubisoft zilishambuliwa na baadhi ya wanunuzi wa Assassin's Creed II wakashindwa kufungua gemu yao, iliyohitaji intaneti muda wote. Kampuni ilisema asilimia 95 ya wachezaji hawakuathirika. Kama ni asilimia ya wanunuzi wote au ya waliojaribu kucheza saa zile, ni maswali mawili yenye majibu tofauti. Machi 2013 ikawa zamu ya SimCity ya EA: iliuza nakala milioni 1.1 kwa wiki 2 huku seva zikizidiwa, na njia ya kucheza bila intaneti ikapatikana mwaka mmoja baadaye. Kwa mwenye bando la siku, sharti la intaneti muda wote ni bei ya pili. Tuseme, kwa mfano tu, anatumia Sh50 kwa siku: siku 130 zinatosha kununua tena gemu ya Sh6,500.

Tume ya Ulaya ilitumia takriban euro 360,000 kulipia utafiti wa athari za upakuaji haramu kwa mauzo, ukakamilika 2015 na kujulikana hadharani 2017. Haukupata ushahidi thabiti kwamba mauzo yanapungua, isipokuwa kwa filamu mpya zinazovuma; kwa gemu ulielekea hata upande wa kuongezeka. Nao pia usibebwe kichwani: ulitegemea watu kueleza wenyewe tabia zao, na ukingo wake wa makosa ni mpana. Ila miaka 2 ya kukaa kabatini ni mirefu kwa ripoti iliyogharimu Sh54 milioni.

Ukiziweka takwimu hizi pamoja, ninazoziamini zaidi ni za Volckmann, na hizo zinahalalisha kufuli la miezi 3. Wapo waliokwisha kulitenda hilo kwa kukaribia: Spore iliingia Steam Desemba 2008 bila SecuROM, miezi 3 na siku kadhaa baada ya kutolewa, na Doom ya Mei 2016 iliondolewa Denuvo Desemba mwaka huohuo. Kabla ya kulipa, tazama pembeni mwa ukurasa wa gemu kwenye Steam. Kwa gemu zenye Denuvo utakuta jina la kufuli na kikomo chake, kwa kawaida kompyuta 5 kwa siku. Tarehe ya kuliondoa haiandikwi.