Jina la Baba Halilipi Kodi

Nilipohamishiwa shule moja ya upili viungani mwa mji wa Nakuru, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafuta mahali pa kulaza ubavu. Nilimpigia simu mzee mmoja mwenye nyumba, tukaafikiana kuhusu kodi na amana ya mwezi mmoja. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, jina la baba yako ni nani?" Nikamtajia. Akakohoa. "Pole sana, nimekumbuka kuwa nyumba hiyo imekwisha chukuliwa."

Kesho yake mwalimu mwenzangu, ambaye jina lake halikumkera mzee yule, alionyeshwa nyumba iyo hiyo, ingali tupu.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, inakataza ubaguzi wa aina hii. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 nacho hakiifungi serikali peke yake. Kinamkataza pia raia kumbagua mwenzake kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ulemavu, ujauzito au hali ya ndoa.

Mwenye nyumba atajitetea kwamba mali ni jasho lake, na kwamba wakati wa ghasia zile wapo waliopoteza kodi na hata nyumba zenyewe. Hofu hiyo si ya kubuni. Hata hivyo, dawa yake ni mkataba, amana na barua ya mwajiri. Ana haki ya kuuliza iwapo nitaweza kulipa. Jina la baba yangu halilipi kodi.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Likizo ya Desemba niliwasimulia jamaa zangu kisa hiki, wote wakamlaani mzee wa Nakuru. Ndipo mjomba wangu, mwenye vyumba vya kupangisha pale sokoni kwetu, akasema kwa kicheko, "Hata mimi wale siwapi chumba." Hakuna aliyemlaani. Nami, mwalimu wa Historia na Serikali, nilinyamaza nikamimina chai.

Kimya changu kinaniuma kuliko kikohozi cha mzee yule. Walimu wenzangu, tunawafundisha wanafunzi vifungu vya Katiba wakavikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wanarudi nyumbani kusikia maneno kama ya mjomba. Likizo ijayo nitamwendea, nimweleze kwa heshima kwamba mpwawe alifukuzwa kwa neno lilo hilo. Nawe mwanafunzi, waulize wazazi wako ni nani wasiyeweza kumpangisha, na kwa nini.