Umri wa Bunduki

Mnamo mwaka 2003 wafanyabiashara wa Kimarekani walinunua kutoka jeshi la kifalme la Nepal shehena kubwa ya bunduki za Kiingereza, zilizorundikwa miaka mingi katika jumba kuukuu mjini Kathmandu: bunduki za gumegume aina ya Brown Bess, na Martini-Henry, silaha ya askari wa Malkia Victoria tangu 1871. Zilivushwa bahari, zikasafishwa, zikauzwa moja moja kuwa mapambo.

Sheria ya Marekani ya 1968 huihesabu kuwa ya kale kila bunduki iliyoundwa mwaka 1898 au kabla yake. Pacha wake wa 1899 ni silaha kamili! Kwa maoni yetu Waingereza wamepima vema zaidi. Kanuni zao za 2021 hutazama umri pamoja na aina ya risasi.

Sisi wa visiwani hatuwezi kulipuuza jambo hili. Katika karne ya 19 bunduki zilizochakaa Ulaya ziliteremshwa Unguja kwa maelfu, zikavushwa bara, hata Mkataba wa Brussels wa 1890 ukawekwa kuzizuia.

Ubavuni mwa Martini-Henry hupigwa chapa ya taji na mwaka. Afisa wa forodha na ausome mwaka huo, kisha aulize kama risasi zake zingali zikiuzwa.