Babu wa Filamu 300

Kama kungekuwa na tuzo ya kuzeeka kabla ya wakati, mwigizaji Mwingereza Moore Marriott angeichukua bila upinzani. Filamu ya Oh, Mr Porter! ilipotoka mwaka 1937 alikuwa na miaka 52 tu, lakini humo, kama karani wa stesheni aitwaye Harbottle, ungemkadiria 80 na ushei. Mtazame anavyoingia. Mkuu mpya wa stesheni, anayeigizwa na mchekeshaji Will Hay, anagonga kidirisha cha tiketi. Kizee kinachungulia, ndevu zikimtikisika kidevuni, kinafoka kwamba treni ijayo imeshaondoka, kisha kinabamiza kidirisha. Hay huyo alikuwa mdogo wake kwa miaka mitatu tu!

Siri ilikuwa mdomoni. Marriott alikuwa kibogoyo kweli, akamiliki seti nne za meno ya bandia, na kila seti ikampa sura nyingine. Harbottle alipata sura yake pasipo jino hata moja.

Kwa wingi wa kazi pia hakuwa mchezo: hutajwa kuwa na filamu zaidi ya 300 tangu 1908. Idadi hiyo isikutishe sana, kwani filamu bubu za mwanzo nyingi zilikuwa za dakika chache. Mzaliwa huyu wa West Drayton, wa ukoo wa watu wa jukwaani, alikusudia kuwa msanifu majengo. Mwaka 1928 akaigiza Sweeney Todd, kinyozi anayewachinja wateja wake.

Kilele cha uzee wake ni Ask a Policeman ya 1939. Humo ni Harbottle, na pia ni baba yake Harbottle, mkongwe zaidi ya mkongwe. Pembeni yupo Graham Moffatt, kijana mnene aliyezaliwa miaka 34 baada yake, asiyeisha kumjibu babu jeuri.

Hay, Marriott na Moffatt walicheza pia Old Bones of the River ya 1938, iliyoidhihaki Sanders of the River, filamu ambayo Jomo Kenyatta alionekana miongoni mwa waigizaji wa ziada. Mizaha yake juu ya Waafrika haichekeshi tena.

Marriott alifariki Desemba 1949 huko Bognor Regis, alikokuwa na duka la vyakula. Alikuwa na miaka 64.

Kazi yake bora, kwa maoni yangu, haikuvunja rekodi yoyote. Katika Green for Danger ya 1946 ni tarishi wa kijijini aliyejeruhiwa kwa bomu, anayefia kwenye meza ya upasuaji mapema kabisa, na filamu nzima inazunguka swali la nani kamuua. Hachekeshi hata kidogo. Asiyemjua Marriott aanzie hapo, Harbottle atafuata.