Kibosho kwa mwendo wa baiskeli

Safari ya baiskeli Kibosho, upande wa kusini wa Kilimanjaro, huanza na mlima wenyewe. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, na lango la Umbwe, mahali vijiji vinapoishia na msitu wa hifadhi kuanzia, liko karibu na mita 1,600. Kati ya sehemu hizo mbili hapafiki kilomita 20 za barabara. Kwa gari ni mwendo wa chini ya saa moja. Kwa baiskeli ni asubuhi nzima, na atakayeshuka na kuisukuma baiskeli yake hana haja ya kuona haya, kwa kuwa wenyeji wenyewe huisukuma.

Utalii wa baiskeli wa namna hii, wa siku tatu au nne bila haraka, umejengewa jina kubwa na vilima vya Italia. Huko Chianti, kati ya Florence na Siena, watu hupita kwenye mashamba ya mizabibu, hulala katika miji ya mawe iliyojengwa juu ya vilima, na jioni huonja divai ya eneo walilolipita mchana. Tangu mwaka 1997, mji mdogo wa Gaiole umekuwa kitovu cha mbio ziitwazo L'Eroica, ambamo waendeshaji hupanda baiskeli za zamani kwenye barabara za changarawe nyeupe. Kibosho haina zabibu. Ina kahawa, migomba na mbege, pombe ya ndizi; ina barabara za udongo mwekundu, na juu yake kuna theluji ya kilele cha Kibo. Kilimanjaro imetangazwa mno kwa kilele chake cha mita 5,895, kiasi kwamba sehemu wanayoishi watu imegeuzwa kuwa njia ya kupitia tu: mgeni huiona dirishani, alfajiri, akiwa amesinzia.

Mwendesha baiskeli hana jinsi ya kusinzia. Huanza na joto la mjini, akapita mtaa wa Shanty Town kwenye kivuli cha miti mikubwa, kisha mashamba makubwa ya kahawa yaliyoanzishwa na walowezi. Juu ya hapo mashamba makubwa hukoma na vihamba huanza. Hewa hupoa, udongo hubadilika rangi na kuwa na unyevu, na mvua huongezeka kadiri mtu anavyopanda. Kwenye msitu wa upande huu wa kusini hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ngozi hutambua mabadiliko hayo kabla macho hayajatambua.

Kihamba ni bustani inayozunguka nyumba ya Mchaga, na kwa mbali huonekana kama msitu. Kwa karibu ni shamba lenye ghorofa. Juu kabisa iko miti kama mringaringa na mgrevilea inayotoa kivuli, kuni na mbao. Chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi, maharage na majani ya mifugo. Ng'ombe na mbuzi hufungiwa zizini, wakaletewa majani, na samadi yao hurudishwa kwenye migomba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuingiza mfumo huu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, Uru, jirani na Kibosho. Ua wa kihamba mara nyingi ni isale, mmea wenye majani marefu ambao huweka mpaka, hupandwa makaburini, na jani lake hupelekwa na anayeomba msamaha. Atakayepita kwa mwendo wa gari ataona ukuta wa kijani tu.

Kando ya barabara, na mara nyingine chini yake, maji hukimbia katika mifongo. Hii ni mifereji iliyochimbwa kwa mikono vizazi vingi nyuma, ikayatoa maji kwenye mito ya juu na kuyapitisha pembezoni mwa miteremko hadi vihambani. Kila mfongo una watu wake, zamu zake na siku zake za kuusafisha.

Wageni wengi hupanga safari ya baiskeli ya kupanda moja kwa moja na kushuka moja kwa moja, na hapo ndipo wanapokosea. Miteremko ya Kilimanjaro imekatwa na mito mingi inayoshuka kutoka msituni, nayo imeigawa nchi kuwa migongo mirefu yenye mabonde makali katikati. Karibu barabara zote kuu hufuata mgongo. Kwenda mgongo wa pili, hata kama nyumba zake zinaonekana na sauti za watoto zinasikika, ni kushuka kwanza hadi mtoni, kuvuka daraja, kisha kupanda tena. Ramani ikionyesha kilomita tano, miguu itahesabu kumi. Lakini safari ya kuvuka ndiyo inayofundisha nchi ilivyo, kwa sababu kwa karne nyingi kila mgongo ulikuwa karibu dola yake yenyewe, na mangi wake, yaani mtawala wake, na lahaja yake ya Kichaga. Uru, Kibosho na Machame hukaa bega kwa bega, na bado mzee wa Kibosho humtambua mtu wa Machame kwa salamu moja.

Historia ya Kibosho ni ya mgongo ulioitisha migongo mingine. Katika miaka ya 1880 Mangi Sina aliimarisha utawala wake kwa vita na kwa ngome ya mawe, akawa hasimu mkubwa wa Mangi Rindi wa Moshi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara. Februari 1891 jeshi la Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann lilipanda Kibosho, likapigana na Sina na kuiteka ngome. Sina aliendelea kutawala chini ya Wajerumani hadi alipofariki mwaka 1897. Upande wa mashariki, Old Moshi, mrithi wa Rindi, Mangi Meli, alinyongwa tarehe 2 Machi 1900. Ziara ya Old Moshi inafaa siku yake peke yake, kwa kuwa ni mgongo mwingine na kilima kingine.

Miaka miwili baada ya vita, mwaka 1893, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Kibosho. Walikuwa wameshatangulia Kilema mwaka 1891. Mwaka huohuo wa 1893 Walutheri wa misheni ya Leipzig walianza kazi Machame. Matokeo yake yanaonekana hadi leo kwa mwendesha baiskeli: akivuka bonde la mto Weruweru kuelekea magharibi, anatoka kwa padri na kuingia kwa mchungaji kabla jasho la kilima halijakauka. Katika Kibosho yenyewe, kanisa, hospitali na shule zilizokusanyika karibu na misheni ndizo zilizo mahali pa mji wa kilimani. Hapana uwanja wenye mikahawa. Kuna watu wanaotoka misa ya Jumapili, bodaboda zikisubiri abiria, na akina mama wenye mikungu kichwani.

Kahawa ya arabika ilipandwa Kilema na mapadri wa Roho Mtakatifu kabla karne ya 19 haijaisha, ikaenea vihambani kati ya migomba iliyokuwapo. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jengo lake bado lipo katikati ya Moshi. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, upande wa pili wa Weruweru, kilianza mwaka 1934. Huko ndiko zilikotoka aina mpya za mibuni zinazohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani.

Kuanzia Julai hadi karibu na mwisho wa mwaka buni mbivu huchumwa. Humenywa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja na kugeuzwageuzwa kwa siku kadhaa. Nyumba nyingi humpa mgeni nafasi ya kutwanga na kukaanga kahawa yake mwenyewe, kwa malipo ya kukubaliana. Lakini si kila kihamba kina mibuni tena. Mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na baadhi ya wakulima wakang'oa mibuni ya babu zao na kupanda ndizi, mboga au parachichi. Mwongozaji mkweli huonyesha pia vihamba hivyo.

Mbege ndiyo inayostahili kulinganishwa na divai, ingawa mlinganisho huo haufiki mbali. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi katika chungu au pipa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha zikachujwa. Pembeni, ulezi uliooteshwa, kukaushwa na kusagwa hupikwa kuwa uji, ukapoa na kuchanganywa na maji yale ya ndizi. Ganda la mti wa msesewe hutiwa ili kuleta uchungu. Kesho yake mbege huwa tayari, na baada ya siku moja au mbili huwa imezidi ukali. Divai humngojea mnywaji miaka kumi ndani ya chupa. Mbege haimngojei mtu. Kwa hiyo haisafirishwi mbali, haiwekwi lebo, na anayeitaka sharti apande mwenyewe. Hunywewa kwa kata, mwenyeji akionja kwanza mbele ya mgeni. Kata moja jioni yatosha kwa mtu atakayeshuka mteremko kesho, na ni bora kutanguliza chakula cha ndizi, mtori au machalari.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, kukiwa kukavu na baridi, na pia Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi ambao hata bodaboda huuogopa. Wiki mbili za mwisho za Desemba zina sherehe nyingi kuliko wakati wowote, lakini si za baiskeli: Wachaga hurudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, na barabara nyembamba za migongo hujaa magari. Kibo huonekana alfajiri, na mara nyingi mawingu hukifunika kilele hicho kabla ya saa nne asubuhi, kwa hiyo wanaotaka picha huondoka kabla jua halijapanda.

Kuhusu chombo chenyewe, baiskeli ya Phoenix isiyo na gia ni mfalme wa tambarare, kwenye mashamba ya miwa ya TPC na njia za Kahe, lakini Kibosho humtesa mwenye nayo. Hapa hutakiwa gia nyepesi, tairi pana na, kuliko vyote, breki nzima. Watu huulizana juu ya kupanda, na kumbe ajali hutokea kwenye kushuka, kwenye kona zenye kokoto, pale mbuzi anapokatiza. Tyubu za akiba, pampu na viraka hubebwa, ijapokuwa fundi wa pancha hakosekani kwenye senta yoyote. Kwa njia za ndani, zinazopita mlangoni mwa watu, kijana wa hapohapo huongoza, na salamu hutangulia kamera.

Siku ya mwisho, kilomita zilizochukua asubuhi nzima hushukwa kwa chini ya saa moja. Ubaridi wa migombani huachwa juu, joto la mji hupokea uso karibu na Shanty Town, na breki hunuka. Mjini baiskeli huoshwa matope mekundu, cheni hutiwa oili, na kahawa ya mlimani hupatikana kwenye mgahawa wa KNCU, kwa kikombe.