Mawe ya Figo Hayamngoji Mtoto Akue

Mwaka 2008 hospitali za China zilijaa watoto wachanga wenye mawe ya figo. Wengi wao walikuwa wamelishwa maziwa ya kopo. Maziwa hayo yalikuwa yameongezwa maji, kisha yakatiwa melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, ili vipimo vionyeshe kuwa protini haijapungua. Ndani ya figo melamini iliungana na asidi ya yuriki ikaganda kuwa vijiwe. Takriban watoto 300,000 waliugua na sita wakafariki.

Wengi walipona bila kupasuliwa: maziwa yale yalisimamishwa, wakaongezewa maji, na baadhi wakapewa dawa ya kupunguza asidi ya mkojo.

Mkasa ule ulikuwa wa sumu. Kwa kawaida mawe ya watoto huwa ya kalsiamu, na nyuma yake kuna mkojo mzito, chumvi nyingi, maambukizi au hitilafu ya kurithi. Ndiyo maana daktari makini hatosheki kulitoa jiwe. Hulipeleka maabara na kuupima mkojo, kwa sababu aliyepata la kwanza yumo hatarini kupata la pili.

Mtoto mdogo hajui kueleza kwamba ubavu unamuuma. Hulia, hushika tumbo, hutapika, pengine hukojoa damu. Kwenye maeneo yenye kichocho damu hiyo hudhaniwa mara moja kuwa ya ugonjwa huo, kwa hiyo kipimo ni lazima. Ultrasaundi hutangulia kwa kuwa haina mionzi. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Kubwa huvunjwa kwa mawimbi au kwa kifaa chembamba kinachopitishwa njia ya mkojo. Likiziba njia na homa ikapanda, mtoto afikishwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kosa linalosikitisha zaidi ni la mzazi anayesikia neno kalsiamu akamnyima mtoto maziwa. Kalsiamu ya chakula huinasa oksaleti, kemikali ya vyakula inayoungana nayo kuwa mawe, tumboni kabla haijafika kwenye figo, na mifupa inayokua inaihitaji. Kinachopaswa kupunguzwa ni chumvi, maana huisukuma kalsiamu iingie kwenye mkojo: krispi, tambi za pakiti, chipsi zilizonyunyiziwa mara mbili.

Maji nayo yanywewe hadi mkojo uwe mweupe. Hapo shule ina sehemu yake, kwani watoto wengi huvumilia kiu kutwa nzima wakikwepa vyoo vichafu. Chupa ya maji juu ya dawati, ruhusa ya kwenda msalani bila kukemewa, na choo kinachoingilika ni sehemu ya matibabu.