Fahamu: Kwa nini Julai 7 ni ya Kiswahili, chokoleti na makaroni?

Kila Julai 7 simu hujaa pongezi za Siku ya Kiswahili Duniani, na katikati yake picha za chokoleti, ambayo nayo ina siku yake tarehe hiyohiyo. Marekani huongeza makaroni. Siku hizi hazina uzito sawa, na kipimo ni nani aliyeitangaza kila moja. Ya Kiswahili ilipitishwa na nchi wanachama wa UNESCO Novemba 2021, na tarehe ikafungamanishwa na kuasisiwa kwa chama cha TANU cha Tanganyika, Julai 7, 1954. Ya makaroni inaishi kwenye kalenda za mtandaoni. Njia ya bunge nayo ni finyu: Baraza la Wawakilishi la Marekani lilijifungia mlango wa miswada ya maadhimisho mwaka 1995. Badala yake, leo kampuni binafsi ya North Dakota, National Day Calendar, iliyoanza 2013, hupokea maombi na kujiamulia siku ipi iiite "ya kitaifa".

Wapo watakaosema hata serikali hufanya mzaha: Rais Reagan wa Marekani alitangaza Siku ya Kitaifa ya Aiskrimu mwaka 1984. Kweli, ila tangazo lile lina saini, na aliyetia saini anajulikana. Wengine watauliza, madhara yako wapi? Kwenye sahani ya makaroni hayapo. Yapo pale chombo cha habari kinapoandika "leo dunia inaadhimisha" bila kutaja nani kaamua. Mhariri, mtaje.